Mtaro Uliokauka Wakati wa Mvua

Mvua ya masika ilikuwa imenyesha Nakuru wiki nzima bila kupumzika, na mtaro wa nyuma ya nyumba ya mama ulikuwa mkavu. Ninaanzia hapo kwa sababu hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia, ingawa watu wengine wote wa landi walikuwa wakisherehekea. Miaka yote mtaro ule ulifurika mvua ikizidi. Uliingia jikoni, ukabeba sufuria na viatu, na mwaka mmoja ulibeba kuku wa jirani akiwa hai, akipiga kelele hadi barabarani. Sasa mvua ilikuwa ikitwanga mabati kutwa na chini ya mtaro kulikuwa na matope kidogo tu. Watu walisema Mungu amesikia. Walifanya hata maombi ya shukrani hapo ukingoni, wakiwa na miavuli.

Mimi nilipanda na mtaro hadi kule juu, karibu na lango la kiwanda, nikaona maji yakiingia kwa wingi, meusi, yamebeba chupa na majani. Nikashuka nayo. Nyuma ya nyumba za mwisho, ambapo mama anakaa, yalizunguka kidogo kama yanayotafuta mlango, kisha hayakuonekana tena. Niliwaonyesha vijana wawili waliokuwa wamesimama hapo.

"Si ni poa, mathe?" mmoja alisema. "Hakuna kufuta nyumba mwaka huu."

Landi ni safu mbili za nyumba za mawe zinazotazamana, zimeshikana ubavu kwa ubavu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila nyumba ina chumba mbele, jiko nyuma, na ukuta mwembamba unaokufanya ujue jirani anakula nini na anagombana na nani. Zilijengwa na kampuni ya nguo, enzi ile pamba ikija kwa treni kutoka magharibi, na watu wakaifuata pamba hiyo. Wazazi wangu waliifuata. Baba alipakua marobota mpaka mgongo ukamshinda, na alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Mama alifuma. Mtaro ulichimbwa ili kutoa maji ya rangi kiwandani na kuyapeleka upande wa ziwani, na sisi watoto tulikuwa tukiuangalia tukitoka shule tujue leo wanapaka rangi gani. Siku ya sare za shule ulikuwa wa buluu. Ukiwa mwekundu tuliuruka tukijifanya ni damu, na aliyeteleza alirudi kwao na miguu ya kutisha, akachapwa.

Kisha mitumba ikaja, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, na kiwanda kikafungwa. Leo upande mmoja kuna ghala la mahindi na upande mwingine kanisa lenye vipaza sauti vikubwa kuliko waumini. Wazee waliobaki landi waliachiwa nyumba zao kimyakimya, maana hakuna aliyejua amdai nani. Mtaro nao ukarithi maji ya mvua ya nusu ya mji. Haukuchimbwa kwa kazi hiyo, na hakuna aliyeuuliza.

Mama hasikii. Mashine zilimla masikio pole pole kwa miaka, hadi siku moja nikagundua kwamba anajibu kitu nisichomuuliza. Tulimnunulia kile kifaa cha masikioni. Alikivaa siku chache, akasema kinamletea kelele za dunia nzima isipokuwa anayotaka, akakiweka kwenye kikombe juu ya kabati.

Lakini mama si bubu, na wala hakuwa mpweke. Kule kiwandani hakuna aliyesikia mwenzake mashine zikishawashwa, kwa hiyo wanawake walijitengenezea mazungumzo yao. Walifungua midomo wazi bila kutoa sauti, na mikono ikamalizia. Ukivuta kofia isiyokuwepo, nyapara anakuja. Kidole gumba kikiinama, chai iko tayari. Yalikuwepo mengine ambayo sisi watoto hatukuelezwa maana yake, na tulijua tu kwamba ni sisi au baba zetu tunaosengenywa, tena mbele ya macho yetu. Aliyesimama mkabala na mama kwenye mashine miaka yote hiyo ndiye aliyekuja kuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Tulimwita senje, ambalo kwetu ni shangazi, ingawa hana undugu nasi. Naye hasikii. Wenzao wa mikono walikuwa wamekufa au wamerudi kwao magharibi, na kufikia mwaka ule walikuwa wamebaki wao wawili pale landi wanaoweza kuongea vile kuanzia asubuhi hadi jioni. Nimewaona wakicheka mpaka wanafutana machozi, na chumba kiko kimya kabisa.

Mimi sikuijua lugha hiyo. Nikiongea na mama napaza sauti, narudia, na mwishowe senje ananisoma midomo na kumtafsiria mama kwa mikono. Aibu gani hiyo, kuhitaji mkalimani wa kuongea na mzazi wako.

Jambo jingine la kiwandani linahitaji kuelezwa. Wafumaji walifanya kazi pekupeku. Viatu viliachwa mlangoni ili uchafu usipande kwenye kitambaa, na nyayo zao zikajifunza kazi kuliko masikio. Sakafu ilitetemeka mashine zikienda, na mtetemo ule ulimaanisha kwamba mambo yako sawa, kazi ipo, mshahara upo. Ukitulia ghafla, hukuuliza. Uliinua mikono, ukaacha kila kitu kama kilivyo, ukatoka uwanjani. Vumbi la pamba hushika moto haraka, na mashine zote kusimama kwa pamoja mara nyingi ilimaanisha kuna kitu kinawaka mahali.

Siku ile ya mtaro niliingia kwa mama nimelowa, na kabla sijatafuta pa kuweka mwavuli alinishika mkono.

"Vua viatu," alisema, kwa ile sauti yake ya juu isiyojisikia. "Njoo hapa katikati."

Senje alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, nyayo zote mbili chini, amefumba macho. Nilivua viatu. Mwanzoni sikuhisi kitu, kisha nikahisi. Sakafu ya saruji ilikuwa ikitetemeka. Ni kidogo tu, lakini bila kukatika, na mtetemo ulipanda mpaka kwenye magoti.

"Mashine zimerudi," mama alisema, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo sijaiona tangu ujana wake. Walikuwa wakikaa hivyo kila alasiri tangu mvua izidi. Usiku nao alilala vizuri, alisema, kuliko miaka yote tangu kiwanda kifungwe.

Niliogopa. Hakuna treni iliyokuwa ikipita. Nilikwenda jikoni nikakuta mlango wa nyuma haufungi tena, umekaa upande, na ukutani kuna ufa ambao ningeweza kuingiza kidole. Mparachichi wa uani ulikuwa umeinamia nyumba. Nikamuuliza mama kuhusu panya, maana jiko lile siku zote lilikuwa na panya kuliko watu.

"Wameisha," alisema. "Ile sumu uliniletea ni kali."

Sumu ile nilikuwa bado nayo kwenye mkoba. Nilikuwa nimesahau kumpa mara mbili mfululizo.

Mimi nina duka la dawa za mifugo Njoro, na mmoja wa wateja wangu ni mhadhiri wa chuo anayefundisha mambo ya udongo na kufuga ng'ombe wawili. Nilimweleza habari hii akiwa amekuja kununua dawa ya kupe. Aliacha kuhesabu chupa.

"Maji yanaingia na hayatokei chini?" aliuliza.

"Hayatokei."

"Basi yanapita chini ya nyumba. Huku kwetu kwenye bonde ardhi ina nyufa za zamani, zimefunikwa na udongo mwepesi tu wa majivu. Maji yakipata njia yanaubeba huo udongo. Mnabaki mmekaa juu ya ganda." Alichukua dawa yake, na akiwa mlangoni alisema tena, "Mtoe mama. Usingoje mvua ikatike. Mara nyingi ardhi hushuka jua likiwaka."

Nikawa mtu wa safari. Kila nilipopata wa kuniangalizia duka nilikwenda Nakuru kubishana. Maofisa nao walikuja, wakapima, wakachora alama nyekundu ya X kwenye kuta za nyumba za mwisho, na hapo ndipo kila kitu kiliharibika. Watu wa landi wameishi na uvumi wa kufukuzwa tangu kiwanda kifungwe. Kila anayekuja na kamba ya kupimia wanamwona ni wakala wa tajiri anayetaka kiwanja. Kwao ile X haikuwa onyo la ardhi, ilikuwa hila. Wakaapa hatoki mtu. Mtaro mkavu ndio ulikuwa ushahidi wao. Mbona mwaka huu, ambapo hakuna mafuriko hata tone, ndio tunaambiwa tuhame?

Mama alipaka X yake chokaa. Senje akapaka yake.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sijifichi. Nilimwambia mama kwamba chumba chake kwangu kiko tayari, kina dirisha linalotazama shamba la ngano, na choo ni cha ndani. Nilimwambia senje aje pia, tutapata pa kumweka. Akasema mwanawe wa Bungoma hawezi kukubali mama yake akae kwa watu, itaonekana ameshindwa. Nilizungumza na huyo mwana kwa simu na akasema hivyo hivyo, kwa heshima nyingi. Niliporudi Njoro nilikuwa nikitazama mawingu upande wa mlima wa Menengai na kuyachukia. Kila simu iliyoita dukani ilinikata pumzi, hata ya mtu anayeuliza bei ya chumvi ya ng'ombe.

Mvua ilikatika Jumamosi. Jumapili baada ya ibada nilikuja na pikapu ya duka, nimeazimia kumbeba mama pamoja na kitanda chake, apende asipende. Jua lilikuwa linawaka. Nguo zilikuwa zimeanikwa uwanja mzima, na watu walikuwa wamekaa nje kwenye milango wakisukana nywele. Nilivua viatu mlangoni, nikawakuta mama na senje ndani, nyayo sakafuni, wanakunywa chai na nduma. Mtetemo ulikuwa umeongezeka. Uso wa chai ulikuwa ukicheza kikombeni.

"Mama, leo tunaenda," nilisema.

Mama alimtazama senje. Senje akanisoma, akamwambia kwa mikono. Mama akajibu kwa mikono, kwa kirefu, na senje akatabasamu kwa huzuni.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema kwako atakaa kama sanduku," senje alisema. "Linafutwa vumbi. Halisemeshwi."

"Nitamsemesha."

Senje alimtafsiria. Mama aliinamisha kichwa, akajibu kwa ishara chache.

"Anasema wewe unampenda, anajua. Lakini kuongea nanyi ni kazi. Kuongea na mimi ni kupumzika. Anauliza, huo udongo ukimwua, na huko kwako kimya kikimwua, tofauti ni gani?"

Hapo nilipandwa. Nilisema tofauti ni jeneza, na kwamba sitamchimbua mama yangu kwa jembe. Nilisema hata panya wamekuwa na akili ya kuhama na wao wameketi wakifurahia kaburi lao linavyowabembeleza. Nilikuwa nimeanza kusema kuhusu marehemu baba, na angesema nini kama angewaona, jambo ambalo mimi hulifanya nikiwa sina hoja nyingine.

Katikati ya sentensi mama aliinua mikono kutoka kwenye kikombe. Senje naye akainua yake, wakati ule ule. Hawakutazamana. Waliinuka, wakaacha chai, wakaacha nduma iliyoumwa nusu, wakatoka nje pekupeku bila haraka na bila neno.

"Niko naongea," nilisema.

Walikuwa wameshatoka. Nilidhani ni dharau. Nilidhani wameamua kunionyesha kwamba mazungumzo yamekwisha, na damu ikanichemka, nikawafuata ili niwaambie kwamba hata mimi ni mtu mzima, nina watoto, sistahili kuachwa nikiongea na viti. Nilivuka kizingiti nikiwa na mdomo wazi. Kwenye safu ya pili niliona mzee mmoja aliyekuwa mtu wa mashine za kusokota uzi akitoka mlangoni kwake, nusu ya kidevu imenyolewa, nusu ina povu, amebeba wembe. Naye alikuwa pekupeku. Vijana waliokuwa milangoni walianza kucheka, wakauliza wazee wana mkutano gani, wakawafuata kwa udaku hadi kwenye mfereji wa kuchotea maji katikati ya uwanja.

Nilimpita mama, nikasimama mbele yake, nikamshika bega anitazame. Kwa hiyo yeye alikuwa anaangalia uso wangu, na nyumba ilikuwa nyuma yake.

Kwanza mparachichi ulishuka. Haukuanguka, ulishuka ukiwa umesimama, mpaka yakabaki majani juu ya paa, kisha hata majani hayakuwepo. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anavuta meza nzito chumba cha pili. Kisha majiko mawili ya mwisho yaliondoka, kisha ule ukuta wa chokaa ulipasuka katikati na nusu ya chumba cha mama ikafuata. Vumbi jeupe likapanda, na harufu ya maji ya zamani. Nyumba nyingine zilibaki zimesimama, milango yao yote imejifungua.

Mama hakusikia lolote. Aliuona uso wangu, akageuka.

Sikuuliza wakati ule. Baadaye ndipo senje aliniambia kwa sauti, kama anayemweleza mtoto jambo la kawaida, kwamba sakafu ilisimama, mtetemo ukaisha ghafla. Mimi nilikuwa juu ya sakafu hiyo hiyo, tena pekupeku, na sikujua. Nilikuwa napiga kelele.

Tulilala kwenye ukumbi wa shule pamoja na wengine. Watu waliniambia nimshukuru Mungu, na nilimshukuru, na bado namshukuru, maana hakuna aliyefia pale. Mwana wa senje alifika kutoka Bungoma kabla wiki haijaisha. Ni mtu mpole. Alikuwa amemnunulia mama yake viatu vipya njiani, vya mpira, kwa kuwa vyake vilizama. Mama alisimama kando ya gari, senje akiwa kiti cha nyuma, kioo kimefungwa, wakaongea. Kioo hakikuwazuia hata kidogo. Mikono ilikwenda, midomo ikafunguka na kufungika, na gari lilipoanza kuondoka mama alitembea nalo ubavuni akiendelea kuongea hadi getini. Sijui walisema nini. Nilimuuliza na akasema, "Mambo yetu."

Sasa yuko kwangu Njoro. Anakula, anaota jua, presha yake imeshuka. Wageni wangu wanamsifu kwa utulivu wake. Shamba la ngano nje ya dirisha lake limekwisha kuvunwa na kulimwa tena. Nyumba yangu imejengwa juu ya mwamba na sakafu yake haisemi kitu. Mara nyingine namkuta amesimama katikati ya chumba, mikono imeinuliwa kidogo, anaangalia mlango, na inabidi nimguse ili akae.

Tulijaribu kuwapigia kwa video. Kwao senje mtandao ni wa kukatikakatika. Mikono yake iliganda hewani, ikaruka, ikaganda tena mahali pengine, na mama aliinama mpaka pua ikagusa kioo akijaribu kuunganisha. Akanirudishia simu. Tulipojaribu siku nyingine hakuichukua.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakula, mimi na yeye tu, watoto wamekwenda shule. Mvua ilikuwa imeanza nje. Aliweka tonge chini akaniuliza, bila malalamiko, kama mtu anayeuliza gari la kesho linaondoka saa ngapi:

"Sasa mimi nitaongea na nani?"

"Na mimi, Mama," nilisema.

Alinitazama mdomo.

Nilirudia pole pole, nikifungua mdomo kadiri ninavyoweza, nikajigusa kifuani, nikamgusa yeye. Alinitazama kwa makini sana, macho yamekazana, mpaka nilipomaliza. Kisha akanipigapiga mkono.

"Sawa," alisema, kwa namna anavyosema kila mara akiwa hajaelewa na hataki kukusumbua, akachukua tonge lake akaendelea kula.